Farumi ya Trekta: Kwa Nini Kijiko cha Mbele Hudai Uzito Nyuma

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wana neno farumi. Jahazi likishusha shehena yake yote haling'oi nanga likiwa tupu. Hutiwa kwanza mawe au mchanga tumboni, kwa sababu chombo chepesi kikipigwa na upepo hupinduka. Uzito huo, usiouzwa wala kuliwa, ndio farumi. Katika makala haya tutalichukua neno hilo kutoka Mikindani na Lindi na kulipandisha hadi Newala na Masasi, kwenye trekta lenye kijiko mbele. Mwanafunzi aonywe mapema, hata hivyo, kwamba mfano huu haulingani kwa kila hali. Farumi ya jahazi hufanya kazi kwa kuwa chini. Farumi ya trekta hufanya kazi kwa kuwa nyuma, tena nyuma ya ekseli ya nyuma. Na tofauti iliyopo kati ya uzito uliowekwa juu ya ekseli na uzito uliowekwa nyuma yake ndiyo shina la somo letu.

Kijiko tunachokisema ni ndoo pana ya chuma iliyofungwa kwenye mikono miwili mbele ya trekta, ikiinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Hutumika kupakia mchanga, kifusi, samadi na mizigo mingine kwenye tela au lori. Katika wilaya za Masasi na Newala, ambako wakulima wengi bado hutumia jembe la mkono, mitambo ya namna hii si mingi, na dereva anayekabidhiwa kijiko mara nyingi ni yule yule aliyejifunza kazi kwa kulima na kuvuta tela. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kulima kumemfundisha kuogopa jambo moja: mbele ya trekta kuinuka. Jembe zito la sahani likining'inia nyuma, matairi ya mbele hupata wepesi na usukani huacha kutii. Ndiyo maana viwanda hutoa vyuma vizito vya kufungwa puani. Kijiko hugeuza mambo yote hayo. Sasa linalopata wepesi ni matairi ya nyuma, na vile vyuma vya puani, vikiachwa mahali pake, humsaidia adui.

Historia ya trekta lenyewe yaeleza kwa nini jambo hili husahauliwa. Harry Ferguson, fundi wa Ireland, alibuni mfumo wa kuunga zana kwenye mikono mitatu nyuma ya trekta, na trekta lake la aina ya TE20, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1946, liliueneza mfumo huo duniani kote. Ubora wa mfumo huo ulikuwa kwamba jembe lenyewe, likiwa kazini, huyakandamiza matairi ya nyuma yashike ardhi. Trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito bila kubebeshwa vyuma. Kwa hiyo dereva wa trekta amezoea kazi inayojiletea uzito wake pale unapohitajika. Kijiko hakina ukarimu huo. Huuondoa uzito pale unapohitajika na kuupeleka pasipohitajika.

MZEGA, WENZO NA EGEMEO

Mtazame mchukuzi anayebeba ndoo mbili za maji kwa mzega. Bega lake ni egemeo, mti ni wenzo, na ndoo mbili hulingana. Akiimwaga ndoo ya nyuma, ile ya mbele huanguka mara moja, ijapokuwa haikuongezwa hata tone. Akitaka kubeba ndoo kubwa mbele na ndogo nyuma, husogeza bega karibu na ile kubwa. Anajua, bila kuandika hesabu, kwamba nguvu ya mzigo wa kuzungusha mti haitegemei uzito peke yake, bali uzito mara umbali wake kutoka kwenye egemeo. Zao hilo la uzito na umbali huitwa momenti.

Trekta lililobeba mzigo kwenye kijiko ni mzega. Egemeo ni ekseli ya mbele. Upande mmoja wa egemeo kuna mzigo wa kijiko. Upande wa pili kuna injini, gia, dereva na matairi makubwa ya nyuma. Kila kilo inayoingia kijikoni huielemea ekseli ya mbele kwa zaidi ya kilo moja, na wakati huo huo huipunguzia mzigo ekseli ya nyuma. Wanafunzi wengi hushangazwa na neno hilo "zaidi ya kilo moja", kana kwamba uzito umezaliwa bila mzazi. Haukuzaliwa, umehamishwa kutoka nyuma.

HESABU YA TREKTA MOJA

Tuchukue trekta la mfano, la ukubwa wa wastani, lenye kilo 2,000. Kati ya hizo, kilo 800 ziko juu ya ekseli ya mbele na 1,200 juu ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili ni meta 2. (Kwa usahihi wa fizikia, kani hupimwa kwa nyutoni, na mwalimu anaweza kuzidisha kila tarakimu kwa 9.8. Hapa tutatumia kilo kama mizani ya magari inavyozionyesha, kwa kuwa uwiano haubadiliki.)

Kwanza tunafunga kijiko na mikono yake, jumla kilo 400, ambazo kitovu chake cha graviti kiko nusu meta mbele ya ekseli ya mbele. Momenti yake kuizunguka ekseli ya mbele ni 400 mara 0.5, yaani 200. Tukigawa kwa meta 2, tunaona kwamba ekseli ya nyuma imepoteza kilo 100. Sasa nyuma kuna 1,100 na mbele 1,300. Ndoo bado ni tupu, lakini tayari trekta limeinamia mbele.

Kisha tunachota mchanga mbichi, kilo 600, nao uko meta 1.5 mbele ya ekseli. Momenti ni 900. Gawanya kwa 2, ekseli ya nyuma inapoteza kilo 450. Inabakiwa na 650. Ekseli ya mbele inapata zile 600 za mchanga pamoja na 450 zilizohama, jumla 1,050, na mzigo wake unafika kilo 2,350. Trekta zima sasa lina kilo 3,000, na matairi makubwa ya nyuma, yale yenye meno ya kushika ardhi, yamebeba chini ya robo ya uzito huo. Matairi madogo ya mbele, ambayo katika trekta la kuendeshwa kwa matairi mawili hayasukumi wala hayafungi breki, yamebeba yote yaliyobaki.

Hapo sasa tulete farumi. Tutachukua sanduku la kilo 500 na kulifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma, kitovu chake kikiwa meta 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kutoka kwenye egemeo letu, ekseli ya mbele, umbali wake ni meta 3. Momenti ni 1,500. Gawanya kwa 2, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 750. Sanduku ni kilo 500 tu. Kilo 250 nyingine zimetoka wapi? Zimenyanyuliwa kutoka kwenye ekseli ya mbele. Nyuma sasa ni 1,400, mbele 2,100.

Linganisha na dereva mwingine ambaye, badala ya sanduku, amefunga vyuma vya kilo 500 kwenye rimu za matairi ya nyuma. Uzito wake uko juu ya ekseli yenyewe, kwa hiyo nyuma inapata 500 kamili na kufika 1,150, lakini mbele inabaki vile vile na kilo zake 2,350. Vyuma vya rimu vinasaidia, wala hatuvidharau. Ila havina wenzo. Beringi za mbele, pini za usukani na matairi madogo yanaendelea kuteseka kama kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa maoni ya mwandishi, ikiwa mwanafunzi atatoka darasani na jambo moja tu, basi na liwe hili: kilo 500 nyuma ya ekseli si sawa na kilo 500 juu ya ekseli.

Lazima pia tuonye kuhusu kosa la kifikra linalozaliwa na nguvu ya pampu. Pampu ya mafuta ikiweza kuinua mzigo, dereva hudhani trekta laweza kuubeba. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Pampu haijui matairi ya nyuma yana kilo ngapi. Itaendelea kuinua hata yakiwa hewani. Tena mzigo hauko mbali sawasawa wakati wote: mikono ya kijiko ikipita katikati ya safari yake, ikilala mlalo, ndipo ndoo inapokuwa mbali zaidi mbele. Mzigo ulioonekana mtulivu chini waweza kuinua nyuma ya trekta ukifika usawa wa boneti.

MTEREMKO WA NEWALA

Uwanda wa Makonde huinuka polepole ukitoka pwani, kisha upande wa magharibi na kusini hukatika ghafula kwa magenge. Mji wa Newala uko kwenye ukingo huo. Anayesimama mahali panapoitwa Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Masasi iko chini, katika nchi ya tambarare yenye vilima vya mawe matupu vilivyosimama kimoja kimoja. Kwa hiyo atokaye Newala kwenda Masasi hana budi kushuka, na hesabu yetu iliyofanyika juu ya ardhi sawa haitoshi.

Tuchukue mteremko wa kiasi tu, wa kushuka meta 1 kwa kila meta 10. Trekta letu lina kilo 3,000 na kitovu chake cha graviti kiko meta 0.8 juu ya ardhi, kijiko kikiwa kimeshushwa chini. Likiwa limeelekea bondeni, sehemu ya uzito inayolivuta kufuata mteremko ni takriban moja ya kumi, yaani kilo 300. Kani hiyo, ikifanya kazi kwenye urefu wa meta 0.8, huhamisha tena uzito kutoka nyuma kwenda mbele: 300 mara 0.8, gawanya kwa 2, ni kilo 120. Ekseli ya nyuma, iliyokuwa na 650, sasa ina 530.

Breki za trekta hili ziko kwenye matairi ya nyuma peke yake. Barabara ikiwa ya changarawe au mchanga uliolegea, tuseme msuguano waweza kufikia sehemu 4 kati ya 10 za uzito ulio juu ya tairi. Basi breki, hata zikifungwa kabisa, zaweza kutoa kilo 212 tu. Zinazohitajika kulishikilia trekta lisimame ni 300. Dereva amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, breki ni nzima, fundi amezikagua asubuhi, matairi yamesimama kuzunguka, na bado trekta linateleza kwenda chini. Kuingiza gia ndogo hakusaidii, maana injini nayo hushikilia kwa kupitia matairi yale yale ya nyuma.

Sasa rudisha farumi. Trekta lina kilo 3,500. Mteremko unalivuta kwa 350. Uzito unaohama ni 140. Nyuma inabaki na 1,260. Sehemu 4 kati ya 10 za hizo ni 504. Zinahitajika 350. Trekta linasimama.

Hivyo sanduku lile, ambalo laonekana kuwa mzigo wa bure unaokula mafuta ya dizeli, ni sehemu ya breki. Matrekta mengi ya siku hizi huendeshwa kwa matairi manne, na katika mengi ya hayo, mwendo wa mbele ukiunganishwa, matairi ya mbele nayo husaidia kuzuia. Hiyo ni faida kubwa mteremkoni, lakini haiondoi mzigo kwenye ekseli ya mbele wala haimzuii dereva kuinua matairi ya nyuma.

Palipo na mteremko mfupi, kama vile njia ya kutoka kwenye shimo la mchanga, kanuni ni kuuweka mzigo upande wa mlimani: kupanda kwa kwenda mbele, kushuka kwa kurudi nyuma. Kwa namna hiyo uzito unaohamishwa na mteremko hurudi kwenye matairi ya nyuma. Kwa safari ndefu ya barabarani, mzigo hauna haki ya kuwa ndani ya kijiko hata kidogo. Upakiwe kwenye tela lenye breki au lori.

PEMBETATU ISIYOONEKANA

Trekta lina matairi manne, na mwanafunzi atasema linasimama juu ya mstatili. Sivyo. Ekseli ya mbele ya trekta imefungwa kwa pini moja katikati ili iweze kuyumba ardhi isipokuwa sawa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwili wa trekta husimama juu ya nukta tatu: tairi la nyuma la kushoto, tairi la nyuma la kulia, na pini ya mbele. Hiyo ni pembetatu, pana nyuma na iliyochongoka mbele. Kitovu cha graviti kikibaki juu ya pembetatu hiyo trekta husimama. Kikitoka nje yake kwa ubavuni, hulala.

Tufanye matairi ya nyuma yaachane kwa meta 1.5. Trekta lenye kijiko kitupu lina kitovu chake meta 1.08 mbele ya ekseli ya nyuma, na mahali hapo kutoka katikati hadi ukingo wa pembetatu ni kama sentimeta 34. Mchanga wa kilo 600 ukiingia, kitovu husogea hadi meta 1.57, karibu na ncha, ambako nafasi iliyobaki kila upande ni sentimeta 16 tu, yaani shubiri moja isiyotimia. Farumi hukirudisha kitovu hadi meta 1.2, na nafasi inakuwa sentimeta 30. Ni kweli kwamba ekseli ya mbele ina kizuizi kinachoikomesha isiyumbe bila kikomo. Lakini trekta linapogonga kizuizi hicho tayari liko katika mwendo wa kuanguka, na dereva asitumaini kwamba litasita.

Ukiinua kijiko unaongeza hatari ya pili. Kilo 600 zikipandishwa kutoka nusu meta hadi meta 3, kitovu cha trekta zima, lile la kilo 3,000, hupanda kwa nusu meta: kutoka meta 0.8 hadi 1.3. Nafasi ya ubavuni ni ile ile ya shubiri, ila sasa mnara juu yake umekuwa mrefu. Shimo moja la tairi, au kisiki cha mkorosho kilichofichwa na majani, hutosha. Ndiyo sababu ya agizo linalopatikana katika vitabu vyote vya kutunzia trekta, kwamba mwendo ufanyike kijiko kikiwa chini, na kiinuliwe tu pale kinapomwagwa. Fremu ya kinga juu ya kiti, pamoja na mkanda uliofungwa, havizuii trekta kuanguka. Huzuia dereva asilaliwe nalo.

FARUMI IPI IFAAYO UWANDANI

Wakulima wa Ulaya mara nyingi huyajaza matairi ya nyuma maji, wakitia chumvi ya kalisi kloridi ili yasigande wakati wa baridi. Newala haina baridi ya kugandisha maji, kwa hiyo maji matupu yangetosha. Lakini maji yenyewe ni suala. Udongo wa uwanda ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu. Mvua huzama upesi, na juu yake karibu hakuna mito wala chemchemi. Mtaalamu Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wakiteremka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kwa kichwa. Miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulianza kuyasukuma kwa pampu kutoka chini ya genge. Maji yaliyogharimu kiasi hicho kupandishwa, kuyafungia ndani ya tairi ni anasa ya aina yake. Zaidi ya hayo, tumekwisha kuona kwamba maji ya tairini ni uzito ulio juu ya ekseli, usio na wenzo.

Pipa la mafuta la lita 200 lafaa kuwa kipimo chetu. Likijazwa maji lina kama kilo 220 pamoja na chuma chake. Likijazwa mchanga mkavu, ambao lita moja ina kama kilo 1.6, lina kilo 340. Likijazwa zege, yenye kilo 2.4 kwa lita, linafika kilo 500, ule uzito hasa tulioutumia katika hesabu. Mawe ya kokoto hupatikana kwa urahisi zaidi Masasi, chini ya vile vilima, kuliko juu uwandani ambako ni mchanga. Lakini zege hutengenezwa mara moja tu na kutumika miaka. Ugumu hauko katika zege, uko katika vifungio. Fremu ya chuma iungwe na mchomeleaji stadi kabla zege haijamwagwa, ipite ndani ya pipa lote, na iwe na pini za ukubwa unaolingana na mikono mitatu ya trekta. Pipa lililofungwa kwa kamba au waya si farumi. Vile vile mikono ya nyuma ina kikomo cha kuinua, na kikomo hicho, pamoja na uzito wa farumi unaotakiwa kwa kila aina ya kijiko, vimeandikwa katika kitabu cha mtambo. Hesabu za makala haya ni za kueleza sababu, wala si badala ya kitabu hicho.

Asiye na pipa aweza kuinua jembe lake zito la sahani nyuma na kufanya kazi hivyo. Kanuni ni ile ile. Taabu yake ni kwamba jembe ni refu, na trekta likikata kona mkia wake hufagia upande wa pili, mahali ambapo msaidizi hupenda kusimama.

Kuna farumi moja ambayo haifai kabisa, nayo ni watu. Desturi ya kuwaita vijana wawili watatu wapande nyuma "wakandamize" ipo katika sehemu nyingi za nchi. Watu watatu wa kilo 65 ni kilo 195, na kwa kuwa husimama karibu na ekseli, momenti yao ni ndogo. Hilo ni la hesabu. La pili ni zito zaidi: mtu ni farumi yenye hofu. Trekta likianza kuteleza, wataruka wote pamoja, na nyuma itapoteza uzito wake katika nukta ile ile ambayo breki zinauhitaji. Anayeruka vibaya huangukia mbele ya tairi.

Neno moja kuhusu kuiondoa farumi. Trekta letu likifunguliwa kijiko, likaachiwa pipa la zege nyuma, mbele hubakiwa na kilo 550 kati ya 2,500. Likipanda mlima na tela, usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi. Farumi na kijiko vifungwe pamoja na vifunguliwe pamoja.

JARIBIO LA DARASANI

Shule isiyo na trekta yaweza kuyathibitisha haya yote kwa rula ya meta moja na mizani mbili za springi. Chukua rula, na ikihitajika iongezewe uzito katikati hadi ifike gramu 120. Ining'inize mlalo kwa mizani moja kwenye alama ya sentimeta 30, hiyo ni ekseli ya nyuma, na nyingine kwenye 70, hiyo ni ya mbele. Kila mizani itasoma 60. Ning'iniza gramu 60 kwenye alama ya 90, mahali pa kijiko: mizani ya nyuma itashuka hadi 30 na ya mbele itapanda hadi 150. Sasa ongeza gramu nyingine 60, kwanza kwenye alama ya 30 penyewe. Nyuma itasoma 90, lakini mbele itabaki 150. Kisha uhamishe uzito huo wa pili hadi alama ya 10. Mizani zote mbili zitasoma 120.

Wanafunzi waachwe kwanza wabashiri kila usomaji kabla ya kuning'iniza. Mwishoni ondoa farumi, na uongeze mzigo wa kijiko polepole hadi gramu 120. Mizani ya nyuma itasoma sifuri, na uzi wake utalegea. Ukiongeza gramu moja zaidi rula itainuka nyuma, na hakuna tena la kupima.

ZOEZI

Trekta la mfano wetu, lenye kilo 1,100 nyuma na 1,300 mbele baada ya kufungwa kijiko, linafungwa uma wa kubebea magunia badala ya ndoo. Uzito na mahali pa uma ni sawa na vya ndoo. Linainua magunia 6 ya korosho, kila moja kilo 80, yakiwa meta 1.75 mbele ya ekseli ya mbele. Tafuta mzigo wa kila ekseli. Kisha funga pipa la mchanga la kilo 340 meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na utafute tena. Mwisho, eleza mzigo wa kila ekseli ungekuwaje kama pipa hilo hilo lingewekwa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe.

Majibu: bila farumi, nyuma 680, mbele 2,200, pipa likiwa nyuma ya ekseli, 1,224 na 1,996, pipa likiwa juu ya ekseli, 1,020 na 2,200.